Bodi za amplifaya ya klasi D: ununue ipi, na ipi uiache dukani

Kijana wa jirani alikuja na bodi imeandikwa "120W + 120W", spika mbili alizozifungua kwenye sabufa iliyokufa, na chaja ya laptop. "Fundi, nikiongeza besi inazima. Inawaka, inazima." Nikaigeuza chaja tukasoma mgongoni: 19V, 3.42A. Zidisha mwenyewe, ni wati 65. Bodi iombe wati 240 kwa chaja ya wati 65, itazipata wapi?

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bodi, angalia umeme ulio nao nyumbani: chaja ya laptop, betri ya sola ya 12V, au betri ndogo ya simu. Kisha pima spika kwa mita. Ikisoma kati ya 6 na 7 hiyo ni ya omu 8. Ikisoma 3 na ushee ni ya omu 4. Ukiwa na namba hizo mbili, muuzaji hakubabaishi. Kwa 19V, spika ya omu 4 haivuki wati 45 hata kwa hesabu ya karatasi, na ya omu 8 inapata nusu yake. Kwa 12V shuka hadi wati 18 na 9. Maandishi ya wati kwenye bodi, wewe yachukulie kama mapambo.

Na D si ufupisho wa dijitali, hata kama muuzaji ataapa. Ni herufi tu iliyofuata baada ya A, B na C. Faida yake ni kwamba transista zake huwaka na kuzima kabisa badala ya kukaa katikati zikipika joto, ndiyo maana sehemu kubwa ya umeme, kama asilimia 90 mziki ukiwa juu, inafika kwenye spika. Kwa mtu wa betri ya sola hilo ni jambo kubwa.

Ya kwanza: TPA3116D2

Kama unanunua moja tu, nunua hii. Inakula kuanzia 4.5V hadi 26V, kwa hiyo betri ya gari inaiwasha na chaja ya laptop inaifurahisha. Chipu ni ya Texas Instruments, na walioitengeneza wanaitaja kuwa ya wati 50 kila upande, kwa 21V na spika ya omu 4. Hapo ni pamoja na mkwaruzo wa asilimia 10, yaani sauti imeshaanza kupasuka.

Shida ni kwamba bodi zake ni nyingi na nyingine ni mbovu. Mimi naangalia vitu vitatu hapo hapo kaunta.

Kapasita kubwa, yale mapipa: soma volti zake. Zikiandikwa 25V na wewe unataka kutumia chaja ya 24V, rudisha. Tafuta 35V.

Koili karibu na vituo vya spika: ziwe nne kwa bodi ya pande mbili, na ziwe nono. Vikoili vidogo kama punje ya hindi hushiba mapema, besi ikipiga sauti inachafuka.

La tatu muuzaji hatalipenda. Mwombe akuruhusu kuinua lile bati la kupoza joto. TPA3116D2 ya kweli ina kibati cha chuma kinachong'aa juu ya mgongo wake, kinagusana na bati moja kwa moja. Ukikuta mgongo wa plastiki mweusi mtupu, umeshikishwa chipu nyingine. Mimi niliwahi kununua bodi tatu kwa mpigo bila kufungua, zote zilikuwa nyeusi, na duka likasema bidhaa ikishauzwa hairudi. Siku hizi natembea na bisibisi mfukoni.

Jambo moja la kufunga: waya hasi za spika kwenye bodi hizi SI ardhi, yaani si hasi ya umeme. Kila spika ina waya mbili zote zenye umeme wa sauti. Usiunganishe hasi ya kushoto na ya kulia, wala usizigusishe na boksi la chuma au bati la gari. Hapo ndipo chipu nyingi hufia, na lawama inamwangukia Mchina.

Ukiongeza kipokezi cha Bluetooth kwenye umeme ule ule utasikia mluzi na kelele kama nzi chupani. Usihangaike kubadilisha kapasita. Kipe umeme wake peke yake, au weka kigeuzi kidogo cha B0505S ambacho hutenganisha ardhi. Kelele inakata.

Ya pili: TPA3118

Ni ndugu wa ile ya juu, ila kibati chake kiko tumboni na joto linashuka kwenye bodi yenyewe. Haina bati kubwa, inaingia kwenye boksi dogo. Kwa chumba kimoja na spika za omu 8 huwezi kuitofautisha na ya kwanza kwa masikio.

Ya tatu: PAM8403

Ukubwa wa stempu, bei kama sahani ya chipsi mayai. Ni ya 5V kushuka chini. Ya kwangu ya kwanza niliipa 12V kwa haraka. Haikulia hata mara moja, ilitoa harufu. Kwa seli moja ya lithiamu ya 3.7V inatoa kama wati moja na nusu kila upande, zinazotosha redio ya jikoni au kufundishia watoto kuchomelea.

Wakikosa hizi watakupa TDA7297, "hii hii tu kaka." Si hii hii. Ni klasi AB, haina koili za kutokea, na inachemka. Inalia vizuri, lakini betri yako ya sola italala mapema.

Ya nne: TPA3255

Huyu ni mnyama. Anapanda hadi 53.5V, na nguvu zake zinatosha sherehe ya uani. Lakini pawasapulai ya 48V yenye ampea za kutosha itakugharimu kuliko bodi yenyewe. Kama huna spika za kubeba mzigo huo, pesa hiyo nunulia spika.

Ya mwisho: IRS2092, na kujenga toka mwanzo

IRS2092 ni chipu inayoendesha transista kubwa za nje. Inataka trafo ya pande mbili, na transista yake moja ikishoti umeme mnyoofu (DC) unaingia kwenye spika na kuichoma koili. Bila saketi ya ulinzi usiiwashe.

Na kuna anayetaka kununua chipu tupu ya TPA3116D2 achomelee mwenyewe. Miguu 32, nafasi kati ya mguu na mguu milimita 0.65, inawaka na kuzima mara laki nne kwa sekunde. Kwenye ubao wa matundu haitakubali. Waya ndefu tu zinatosha kuiua. Nunua bodi iliyokamilika, ujuzi wako upeleke kwenye boksi.