Boti ya kukodi Pangani kwenda Maziwe, nyota tatu

Shemeji yangu katutumia picha za yoti, zile boti za kifahari, huko Sardinia Italia, na sisi wa Tanga tukasema tujikune tunapofikia, tukachanga watu nane tukakodi jahazi la injini Pangani kwenda Maziwe. Jamani kile kisiwa ni mchanga mtupu, maji yakijaa kinazama chote, kwa hiyo ratiba anapanga bahari sio wewe. Nahodha safi sana, kila mwamba anajua ulipo. Ila ofisini walisema saa mbili tukang'oa nanga saa nne kasoro, tukapata lisaa limoja tu, maji yakatufika magotini pweza tumeshika mkononi! Halafu turubai la kivuli lina tundu palepale nilipokaa mimi. Miwani ya kuzamia bebeni yenu, zao zinavuja.