Mayai ya kimiminika: pakiti ipi ununue kwa mapishi ya wiki

Kabla hujauliza bei, jiulize utaimaliza lini pakiti ukishaifungua. Mayai ya kimiminika hupasuliwa kiwandani, huchujwa na kupashwa moto ili kuua vijidudu, kisha hufungashwa. Yakifunguliwa hayana subira: hata kwenye friji ya nyuzi 4 za Selsiasi, siku 3 zinatosha, baada ya hapo mwaga. Niliwahi kununua mfuko wa kilo 10 kwa sababu kilo moja moja ilikuja rahisi. Kilo 4 nilipika, 2 nikagawia majirani, 4 zikaishia kwenye sinki. Ukijua kwamba yai kubwa bila kaka lake lina gramu 50 hivi, hayo ni mayai 80.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni boksi la lita 1 la baridi, kiini na ute pamoja, lililopasteurishwa. Ni sawa na mayai 20 na kidogo, na mtu mmoja hulimaliza kwa mkupuo mmoja wa mapishi bila kujilazimisha. Mimi hulitumia kwa vikombe vya mayai: trei 2 za keki ndogo, vikombe 12 kila moja, kila kikombe kinajazwa mboga kwanza halafu yai juu. Mboga ziwe zimepikwa na kukamuliwa. Usipozikamua, asubuhi utakuta kikombe kinaelea kwenye maji yake na yai limekuwa kama sifongo. Oveni nyuzi 175, dakika 20 hivi, na uzitoe trei katikati ya kikombe kukiwa bado kunatikisika kidogo tu, maana joto lililobaki litamalizia kazi. Viingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu uvitoe ovenini. Vya siku 3 au 4 vinakaa humo, vilivyobaki vinakwenda friza, kila kimoja kimefungwa peke yake.

Soma upande wa viambato kabla ya kulipa. Unatafuta neno mayai, labda na asidi ya sitriki kidogo inayolinda rangi. Ukikuta ute ndio umetangulia, na nyuma yake rangi na vya kuongeza uzito, hicho ni kibadala cha mayai. Si kibaya, ila kimanda chake hakina utamu wa kiini, na mtu aliyezoea mayai atakijua kwa tonge la kwanza.

Namba mbili ni yaliyogandishwa, pakiti za kilo 1 au 2. Yanamfaa anayepika mara moja kwa mwezi, kwani yakiwa kwenye friza hukaa miezi. Taabu yake ni kuyayeyusha: yaachie friji siku nzima, pengine mbili kwa pakiti nene, wala usiyaweke mezani yakapata joto nje huku ndani bado ni barafu. Yakishayeyuka huwa mazito kidogo na yana chembechembe, kwa hiyo yatikise vizuri. Kwenye vitu vya kuoka hutaona tofauti. Angalizo kwa wanaonunua kiini peke yake: kikigandishwa kitupu huwa kama uji ulioshikana, ndiyo maana viwanda hukitia chumvi au sukari. Hakikisha umeokota cha chumvi kama unapika chakula cha chumvi.

Namba tatu itawashangaza wengine: mayai ya kawaida yenye kaka. Kama unahitaji chini ya 20, yapasue mwenyewe, ni kazi ya dakika chache, na ukitaka la kukaanga zima hakuna boksi litakalokupa. Tofauti ni kwamba haya hayajapashwa moto, hivyo vijidudu vya salmonela vikiwemo viko hai mpaka chakula kiive. Pika mpaka katikati pafike nyuzi 71, na usiweke bakuli la mayai mabichi kwenye friji ukidhani ni sawa na boksi.

Mfuko mkubwa wa kilo 5 au 10 wenye bomba nauweka nne, hata baada ya yale ya sinki. Bomba ni zuri, hewa haiingii ovyo. Lakini ununue tu kama mnapika nyumba kadhaa siku ileile.

Ute mtupu, wa tano. Kwenye vikombe hutoka kama raba. Kuupiga mpaka uumuke ni shughuli pia, kwa sababu ule moto wa kiwandani huugusa na povu lake huchelewa, isipokuwa umetiwa kiambato cha kusaidia. Una kazi yake kwa anayehesabu protini.

Unga wa mayai wa mwisho. Sehemu 1 ya unga kwa 3 za maji kwa uzito, kwa kuwa robo tatu ya yai ni maji. Beba safarini, tia kwenye keki, lakini usimkorogee mtu kwa kifungua kinywa.

Na ukiona vikombe vyako vimeingia ukijani, usikimbilie kumlaumu muuzaji. Madini ya chuma ya kiini yamekutana na salfa ya ute kwa sababu chakula kimekaa motoni muda mrefu mno. Vinalika. Safari ijayo punguza dakika 3, kisha uvitoe kwenye trei mara tu vinapoiva.