Homoni ya kuchipushia majani ya ng'ombe: uzoefu wangu hapa Pongwe, Tanga

Nianze na jibu kwa wenye haraka wanaouliza kama homoni ya kupulizia majani ya ng'ombe ina maana: inafanya kazi. Majani yanarefuka kweli, tena kwa kasi ya kushangaza. Shida ni kwamba mimi siuzi urefu wa majani, nauza maziwa.

Nafuga ng'ombe chotara wa maziwa wa kufungia ndani hapa Pongwe, na chakula chao kikubwa ni mabingobingo, yale majani marefu ya kukata yaitwayo pia napia. Masika hatuna neno, tunakata mpaka tunagawia majirani. Kusi likishika na mvua ikakauka, visiki vinachipua kwa uvivu, na kijana wangu anaanza kuzunguka na baiskeli pembezoni mwa mashamba ya mkonge kutafuta nyasi. Ndiyo maana niliposikia kuna dawa ya kuharakisha uchipuaji nikaenda dukani bila kusukumwa.

Nilichouziwa ni asidi ya jibereliki, ile inayoandikwa GA3 kwenye pakiti, vidonge vya gramu moja moja. Muuzaji akaniambia, "Mama, hii ndiyo busta yenyewe, ukipuliza hii mbolea ya nini tena?" Hapo ndipo penye ugomvi wangu na duka lile, maana si kweli. Busta tulizozoea ni virutubisho vya kupuliza majani. Hii haina lishe hata chembe. Ni homoni ambayo mmea wenyewe huitengeneza ili seli zake zirefuke. Ukiongeza kutoka nje unauamuru mmea unyooke kwa akiba iliyopo kwenye mizizi na kwenye kisiki. Akiba ikiwa ndogo, unaamuru hewa.

Lebo ilitaja nyanya na matango, nyasi za mifugo hazikuwemo. Kipimo nilikitoa kwa wafugaji wa New Zealand, ambao hupuliza homoni hii kwenye malisho ya nyasi za rai, nyasi fupi za nchi za baridi, kwa gramu 8 kwa hekta, siku chache baada ya ng'ombe kula sehemu hiyo, na hufanya hivyo miezi ya baridi. Shikeni hilo la baridi, nitalirudia. Kwa robo eka hesabu hiyo haifiki hata gramu moja, kwa hiyo kidonge kimoja kinatosha kabisa, na bei yake haikuniumiza. Angalia tu pakiti iwe na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa sababu vidonge visivyo na maandishi ya kueleweka vipo vingi.

Kidonge ukikitia kwenye kikombe cha maji kinachemka kama dawa ya kiungulia, kisha maji yanabaki maangavu, hayana harufu. Ukiuziwa ya unga safi, jua kwamba haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inaanzia kwenye spiriti kidogo kwanza. Nilijaza solo, bomba la kupulizia la mgongoni, ya lita 16, nikaongeza na robo yake, nikapuliza asubuhi kabla upepo haujaamka. Sikupuliza siku ya kukata. Dawa hii inaingilia kwenye jani, na kisiki kitupu hakina jani la kuipokea, hivyo nilisubiri machipukizi yafungue majani mawili matatu.

Kipande changu nilikigawa kwa kamba sehemu nne: homoni peke yake, homoni na samadi pamoja na urea, samadi na urea bila homoni, na sehemu iliyoachwa hivyo hivyo. Nashauri kila anayejaribu afanye hivi. Bila kamba utasifia dawa kwa kazi ya mvua.

Sehemu ya homoni peke yake ndiyo iliyotangulia. Baada ya muda mfupi ilikuwa imezipita nyingine zote ukiangalia kutoka barabarani, na wapita njia walisimama kuuliza. Lakini ingia ndani ushike bua moja. Pingili zilikuwa ndefu na nyembamba, jani jembamba, rangi imepauka kuelekea njano. Kijana wangu aliingia na panga akasita. "Shangazi, haya si yameugua?" Swali lake lilikuwa na maana, kwa sababu mabingobingo yana ule ugonjwa wa kudumaa unaoenezwa na vidudu virukavyo vidogo, na dalili yake mojawapo ni manjano. Tofauti iko kwenye kimo. Shina lenye ugonjwa linabaki fupi, linatoa vijani vidogo vidogo vingi, na dawa yake ni kung'oa. La homoni linapauka huku likikimbia juu. Usije ukang'oa shamba zima kwa hofu, na usije pia ukauacha ugonjwa kwa kudhani ni homoni.

Kwenye mizani, mzigo wa homoni peke yake ulizidi kidogo sana ule wa sehemu iliyoachwa. Kilichoongezeka ni bua. Na kihori hakidanganyi: ng'ombe walichagua majani wakaacha vipande vya mabua vimelala chini, hata baada ya kupitisha kwenye mashine ya kukatia.

Sehemu ya homoni na mbolea ilikuwa nzuri, sikatai. Kijani kilirudi na uzito ulikuwa mkubwa kuliko kote. Ila iliizidi ile ya samadi na urea bila homoni kwa tofauti ndogo, ambayo mtu asiyepima asingeiona. Ukiniuliza nani alifanya kazi pale, nitakuonyesha mfuko wa urea na rundo la samadi.

Mkato uliofuata ndio ulionikata hamu. Kule kwenye homoni peke yake visiki vilichelewa kuchipua kuliko hata sehemu isiyoguswa. Nguvu yake ni ya Tanga hasa, waja leo waondoka leo. Na ni jambo la kutarajia, kwa sababu mmea ulitumia akiba yake kunyoosha mabua, ukaingia kwenye panga ukiwa mtupu.

Sasa turudi kwenye baridi. Nyasi za New Zealand wakati wa kipupwe cha kwao hazitengenezi homoni ya kutosha, ndiyo maana ukizipulizia zinaamka. Pwani yetu usiku wa Julai joto linazunguka nyuzi 20, na mchana ni jua. Mabingobingo ya Pongwe hayana upungufu wa homoni. Yana njaa ya naitrojeni, kwa sababu kila mkato tunabeba rutuba kwenda bandani na samadi tunairudisha tukikumbuka tu, na yana kiu. Hayo mawili hakuna kidonge kinachoyatibu.

Kwa atakayejaribu hata hivyo, mambo machache. Weka mbolea kwanza, udongo ukiwa na unyevu, na urea uifukie, ukiiacha juu ya ardhi nyingi inapotelea hewani. Usikate chini kabisa usawa wa udongo, acha kisiki cha sentimita 10 hivi. Na usingoje wiki zile ulizozoea: majani ya homoni yanafika mita moja mapema, na ukiyaacha yakomae utavuna kuni. Kata yakiwa bado laini. Pia usirudie kupuliza kila mkato.

Kipupwe kijacho pesa yangu inaenda kwenye urea na kwenye kuchimba mfereji wa kupeleka mkojo na maji ya banda hadi shambani, kazi niliyoiahirisha muda mrefu. Vidonge vilivyobaki nimempa shemeji yangu anayefugia Lushoto, ambako Juni na Julai watu wanalala na mablanketi. Huko huenda vikapata kazi yao. Nimemwomba kitu kimoja tu, afunge kamba aache ukanda mmoja bila kupuliza, na asiniletee habari za kimo bila mizani.