Jeni, si jini: kliniki ya macho tulompeleka mpwa wangu (nyota 4)

Mimi si mtu wa kuandika rivyu, nikila biriani mbovu nanyamaza nalipa naenda zangu, lakini hii kliniki ya macho hapa mjini Mombasa naiandikia kwa sababu najua kuna mama mwengine huko Kisauni ama Changamwe ana mtoto kama wetu na azungushwa vile tulivyozungushwa sisi.

Mpwa wangu ana miaka 5. Tangu mchanga macho yake yacheza tu hayatulii, na ukimkalisha sebuleni uso wafuata taa, umwite usimwite yeye na taa. Kabla ya hapa kuna jamaa alituuzia chupa mbili za matone kwa shilingi elfu nane, eti stemu seli (seli changa za kukuza jicho upya) kutoka Ujerumani, tukatia miezi mitatu, kilichopungua ni pesa za dadangu. Nyanya naye alishikilia kwamba mtoto kapigwa jicho. Na karoti usiseme, huyo mtoto alilishwa karoti mpaka viganja vikageuka rangi ya chungwa.

Sasa kliniki. Mapokezi ni mabovu, wacha niseme ukweli. Tumevuka feri saa kumi na mbili alfajiri tukafika wa pili kwa foleni, tumekuja kuitwa saa tano na nusu, yule dada wa kaunta aita majina na simu iko sikioni, na AC ni kama friza la samaki. Nyota moja imekwenda hapo.

Lakini daktari sasa! Kabla hajashika mashine yoyote alikaa akamtazama tu mtoto akichezea kifuniko cha soda chini, dakika tano hivi, kisha akamuuliza dadangu, "Mama, huwa ajibinya macho kwa ngumi?" Dadangu akanitazama. Hatukuwa tumemwambia mtu, na kweli huyo mtoto ajikandamiza macho na vifundo vya vidole mpaka usiku alikuwa afungwa mikono kwa leso. Kumbe ni dalili, watoto wengi wenye upofu huu wa kuzaliwa nao, ule waitwao wa Leber, hufanya hivyo. Akapimwa umeme wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, laini kwenye skrini ikatoka karibu imenyooka kabisa, yaani mwanga hauijibu, daktari akasema basi tatizo liko kwenye jeni.

Nyanya akainuka kitini. "Si niliwaambia ni jini!"

Nesi alicheka, mimi nilicheka, daktari hakucheka. Akamwambia "La bibi, jeni, si jini, ni yale maagizo ya mwili mtoto arithiyo kwa wazazi," akachukua kalamu akamchorea. Baba ana nakala mbili za jeni hiyo, moja nzima moja mbovu, mama vilevile, wote waona sawasawa, lakini kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto kuokota mbovu zote mbili. Na akasema bila kumlaumu mtu kwamba wakioana ndugu, kama dadangu alivyoolewa na mtoto wa ami yake, ni rahisi zaidi wote wawili kuwa wamebeba mbovu ileile. Shemeji, ambaye kwao mwaka mzima wasema ni upande wa mke, hakufungua mdomo tena mpaka tumefika ferini.

Dawa je? Dadangu alikuja na video kwa simu. Daktari akasema ipo kweli, yaitwa Luxturna, Marekani waliipitisha Desemba 2017, ni kazi ya Jean Bennett na mumewe Albert Maguire wa Philadelphia pamoja na wenzao, na kabla ya watu ilijaribiwa kwa mbwa waliozaliwa vipofu. Wachukua kirusi kisichodhuru, wakipakia jeni nzima, wakidunga chini ya retina. Bei ilipotoka ilikuwa dola 850,000 macho yote mawili, hiyo ni zaidi ya milioni 100 zetu, dadangu akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. Na ni ya jeni moja tu, RPE65, ile ya kuirudisha vitamini A kazini ndani ya jicho ikishatumika (kwa hivyo hata kwa hao karoti si dawa), wakati ugonjwa wenyewe waletwa na jeni zaidi ya 20. Kwa hivyo lazima upime kwanza ujue yako ni ipi. Mate ya mtoto yakapelekwa nje kupimwa, tukachangishana kwenye grupu ya familia, majibu wiki tisa.

Si RPE65. Ni CEP290. Hii ni ndefu mno, kile kirusi ni tuktuk na jeni yetu ni kabati la milango mitatu, haliingii hata ulilaze. Kuna waliojaribu kuirekebisha humohumo ndani ya seli kwa CRISPR, ule mkasi wa kuhariri jeni, 2024 yakatoka matokeo ya watu 14, 11 walipata nafuu kwa angalau kipimo kimoja, lakini hiyo ni kwa kasoro moja maalum na ya mtoto wetu siyo.

Hapo ndo dadangu akatoa lililokuwa moyoni. Alikuwa hataki mtoto aanze Breli, yale maandishi ya nukta ya kusoma kwa vidole, ameambiwa ubongo ukishazoea vidole hautarudi kwa macho, bora angoje dawa. Huyu daktari alikaa nasi karibu nusu saa na watu wamejaa nje. Akasema swali si la kijinga. Kuna watafiti, Hubel na Wiesel, walishona jicho la mtoto wa paka, walipolifungua baadaye jicho ni zima lakini ubongo ushagawa nafasi yake kwa jicho la pili, wakapewa Nobel 1981. Na ni kweli kwa kipofu asomaye Breli ile sehemu ya ubongo ya kuona hufanya kazi akigusa nukta. Lakini hao waliotibiwa Philadelphia, kuna waliokuwa watu wazima, wakawekwa kwenye skana na sehemu ya kuona ikaonekana kuamka. Akatutajia na India, mradi wa mtafiti Pawan Sinha, watoto waliotolewa mtoto wa jicho wakiwa wakubwa, mwanzo kitu walichokishika sasa hivi hawakitambui kwa kukitazama, siku chache baadaye wakaweza. "Mpeleke shule mama. Na hicho kidogo aonacho msikiache kilale."

Kazi ya nyumbani aliyotupa ni rahisi ajabu. Utepe wa manjano kwenye ngazi. Sahani nyeusi kwa chakula cheupe. Tulinunua za plastiki Marikiti, shilingi mia na hamsini kila moja, nyanya akanung'unika wali kwenye sahani nyeusi ni wa matanga, akapakua hivyohivyo. Mtoto siku zote hupapasa kwanza. Siku hiyo aliinamisha kichwa upande, akakaa kidogo, kijiko kikaenda moja kwa moja kulikokuwa na wali, na mchicha pembeni hakuugusa, ingawa huo hata akiuona sidhani angeula.

Muhula ujao aanza shule ya wasioona Likoni. Kliniki wakubali M-Pesa, mate ya kupima ni bili mbali na ya daktari, uliza kabla. Na beba sweta.