Bunduki ya kunyonya risasi kwenye bodi ya Neo Geo: nyota 3 tu, na sababu ninazo

Nimekaa nayo miezi minne sasa hii bunduki, ile ya bei nafuu yenye mpini kama bastola na pampu ya umeme ndani yake, unagusisha ncha kwenye mguu wa aisii (chipu), risasi, ile ya kuunganishia vipuri, inayeyuka, unabonyeza inanyonywa. Niliinunua kwa kazi moja tu, kufufua bodi ya Neo Geo MVS, mashine ya game za kuchezea kwa sarafu, ile MV-2F ya kaseti mbili, ambayo jamaa yangu anayeagiza magari Japani aliniagizia ikiwa imeandikwa "haijajaribiwa". Ukiona neno hilo jua imejaribiwa na imekufa, muuzaji anaona aibu tu kusema.

Ugonjwa wa hizi bodi unajulikana. Kampuni ya SNK walianza kuzitoa 1990 na humo wakaweka betri ya nikeli kadimiamu ya volti 3.6 ya kutunza kumbukumbu mashine ikizimwa, sasa ikishazeeka inavuja, na kinachovuja ni maji makali ya jamii ya magadi yanayokula shaba taratibu miaka na miaka. Yangu ilikuwa na ukungu wa kijani kuanzia kwenye betri mpaka kwenye RAM, zile aisii za kumbukumbu, miguu mingine ya aisii imekuwa myeusi tii. Nikaikata betri kwa plaizi nikaanza kusugua na ndimu kwa mswaki wa zamani, maana asidi ndo dawa yake hiyo, siki nayo inafaa. Mama watoto akapita akaona: "Baba Nasra, hizo ndimu za kachumbari." Nikamwambia nimekubakishia mbili. Hakucheka. Afu maji safi, feni usiku kucha, na spiriti kumalizia.

Kuwasha mara ya kwanza skrini ni takataka tupu na spika inalia tik tik tik bila kuacha, hiyo ni saketi ya ulinzi inairisetisha prosesa kila ikishindwa kuamka. Nikashika malitimita nikapima laini za shaba moja moja kule kwenye ukungu, mbili zilikuwa zimekatika kabisa ila kwa macho huoni kitu, nikaziunga na waya mwembamba kama unywele. Kuwasha tena, ikaandika BACKUP RAM ERROR. Hapo nilifurahi kuliko nilivyofurahi game ilipokuja kukubali, kwa sababu bodi inayokwambia inaumwa wapi ishapona nusu! Imeandika 5555 imesoma 55FF, yaani upande wa kushoto mzima, wa kulia umekufa, na RAM zenyewe zipo mbili, kila moja inashika upande wake, kwa hiyo mgonjwa ni mmoja na anajulikana.

Ndo bunduki ikaingia kazini. Kwanza kabisa kabla hujaichomeka pima kama ncha yake imeungana na pini ya ethi, yangu ilikuja na plagi ya pini mbili bapa, ethi hamna, nikaifungua nikaweka waya mwenyewe na plagi ya pini tatu, sijui walifikiria nini.

RAM ya kuweka niliinyofoa kwenye bodi mfu ya printa ya zamani, 62256 ya miguu 28, na hapo bunduki ilinikosha aisee, dakika tano miguu yote myeupe, aisii ikatoka yenyewe kama jino la maziwa. Nikajiona fundi. Nikahamia kwenye Neo Geo kwa mbwembwe zilezile, miguu ya pembeni ikaenda vizuri, ile ya ethi na ya volti 5 ikagoma, maana imeshikana na shaba pana na joto lote linakimbilia huko, nikakandamiza, nikatikisa ncha kidogo, na duara mbili za shaba, zile miguu inaposhikia kwenye bodi, zikabanduka zikaingia kwenye bomba na risasi yangu. Dah. Nilizima kila kitu nikaenda kukaa barazani.

Kosa ni langu nusu. Mguu mgumu unatakiwa uongezewe kwanza risasi mpya, ile ya zamani iliyooza haishiki joto, na ncha hukandamizi. Ila nusu nyingine ni bunduki yenyewe, joto lake linashuka ukiigusisha kwenye shaba nyingi, na shaba iliyolowa maji ya betri gundi yake na bodi ishalegea, haitaki kusubirishwa kwenye moto. Kulikuwa na aisii nyingine pale pale pembeni, ndogo ya miguu 14, nayo mbovu, ile sikuigusa na bunduki kabisa, nilikata miguu yote kwa nipa, ile plaizi ndogo ya kukatia, nikatoa mwili, afu nikavuta mguu mmoja mmoja na kibano huku pasi ya kawaida ya kuyeyushia risasi inapasha. Haikubanduka hata duara moja. Aisii imekufa, unaihurumia ya nini? Okoa bodi.

Soketi ya kuchomekea RAM nilipata Kariakoo. Betri nimeweka CR2032 na dayodi, kile kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, usisahau, ile saketi inachaji betri na hizi za lithiamu hazichajiwi. Game ya Metal Slug inacheza mpaka mwisho, nimezima siku tatu nimewasha, rekodi zangu zipo.

Kwa bodi safi inayotaka kuvuliwa vipuri, nunua, na safisha bomba kila baada ya miguu kumi hivi kabla halijaziba. Kwa bodi iliyoliwa na betri, iache mezani, chukua nipa. Nyota 3. Ingekuja na ethi ningeipa 4.