Halloween ya Marekani na Siku ya Wafu ya Meksiko

Kwenye kalenda zinafuatana: Halloween 31 Oktoba, Siku ya Wafu 1 na 2 Novemba. Zote zina mafuvu na sukari, ndiyo maana watu huzichanganya. Lakini marehemu akibisha hodi, unamtisha aondoke au unamwandalia chakula?

Mizizi ya Halloween iko kwa Waselti wa Ayalandi, walioamini kuwa usiku wa Samhain, sikukuu yao ya mwisho wa mavuno, mizimu huzurura. Waayalandi walichonga sura za kutisha kwenye tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo. Wahamiaji wao walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga. Leo watoto huvaa kama wachawi na kupita nyumba kwa nyumba wakidai pipi. Mzimu wenyewe hauna jina.

Meksiko mfu ana jina, picha, hata kinywaji alichokipenda. Familia hupanga madhabahu nyumbani: mishumaa, chumvi, maji ya kukata kiu ya safari, mkate uitwao pan de muerto, na maua ya cempasúchil ambayo harufu yake humwongoza mgeni. Kwa kawaida tarehe 1 ni ya watoto waliofariki, tarehe 2 ya watu wazima. Mafuvu ya sukari huandikwa majina, wakati mwingine ya walio hai!

Lile gwaride kubwa la Siku ya Wafu la Mexico City, kumbe, si la kale. Lilianza 2016, baada ya filamu ya James Bond kulibuni.

Ukitaka pipi, Halloween. Aliyefiwa, mimi ningempeleka Meksiko.