Magofu ya barabara ya Malindi: mwenye watoto aende?

Mnaouliza pa kupeleka watoto likizo hii bila kumaliza mshahara kwenye mabembea na mateleza ya maji, tieni mafuta mshike barabara ya Malindi mkaone magofu ya miji ya kale. Sisi tulijaa gari zima, mama mkwe akakaa mbele. Tokeni Mombasa mapema, foleni ya Mtwapa haina huruma.

Jumba la Mtwana liko papo hapo Mtwapa, ufuoni kabisa. Mji huu ulikaliwa karne ya 14 na 15, kisha watu wakauhama. Wanangu walipoona Nyumba ya Milango Mingi hawakungoja maelezo: mmoja huku, mwingine kule, mchezo wa kujificha ukaanza. Mimi nilinasa kwenye msikiti wa baharini. Kando ya birika la kutawadhia kuna mawe ya matumbawe yaliyopachikwa chini, ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia kusali. Mama mkwe akainama akaliangalia moja, akawageukia wajukuu: "Mwaona? Na nyinyi mwapanda kitandani na mchanga."

Mnarani, kabla ya kuvuka daraja la Kilifi, tulipita mbiombio. Kaburi la mnara ni zuri, hori inapendeza, lakini jua lilikuwa la utosi na matumbo yanalia.

Gede ndiyo yenyewe. Iko ndani ya msitu, ina kivuli, na tangu 2024 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lipeni mtu wa kuwatembeza, msijifanye wajuaji. Nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo: mkasi, kauri, pesa za Kichina. Binti yangu alitaka kujua huo mkasi ulikuwa wa fundi cherehani au wa kinyozi, na hakuna aliyemjibu. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na vyoo vya mawe ambavyo vijana walivicheka mpaka basi. Kima nao wamezoea watu. Ndizi ikitoka mfukoni, si yako tena.

Msitoke bila kuingia mradi wa Kipepeo, hapohapo Gede. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado kwenye vifuko vyao. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa keshaanza kununa, hapo ndipo alipochangamka.

Kasoro? Kigari cha mtoto mchanga kiacheni nyumbani, mizizi haikipi njia. Leso mgongoni ndiyo dawa. Maji na chakula bebeni vyenu. Na magofu matatu kwa siku moja ni mengi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Mwenye uwezo alale Watamu, karibu na Gede, Mnarani aiweke siku ya kurudi, jua likishapoa.